Dalili za macho, ngozi, pua na kinywa zisizofaa kupuuzwa

WAGONJWA wengi wanaopiga foleni katika zahanati zetu kila asubuhi huwa na maradhi yanayoonekana bila kupimwa kwa mashine: jicho jekundu, ngozi inayowasha, pua inayotiririka au kidonda cha mdomoni. Mengi ya maradhi haya hupona kwa siku chache. Hata hivyo, yapo machache yanayofanana nayo mwanzoni, lakini ambayo huweza kumpofusha mgonjwa, kumlemaza au hata kumuua.

Ili kuyatofautisha, mhudumu wa afya huhitaji mwangaza wa kutosha na majibu ya maswali machache. Je, dalili imekuwapo kwa muda gani? Iko upande mmoja au pande zote mbili? Inauma, inawasha, au sehemu hiyo imekufa ganzi? Mzazi anayeyajua maswali haya naye hutambua mapema ni wakati gani wa kumfikisha mtoto kituoni.

Mfano bora ni surua, ambayo wengi huiita ukambi. Ugonjwa huu hushambulia sehemu zote nne kwa pamoja. Mtoto huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi. Kisha vidoa vidogo vyeupe huweza kuonekana ndani ya mashavu. Siku chache baada ya homa kuanza, vipele hujitokeza usoni na nyuma ya masikio, halafu huenea mwilini. Anayetazama pua pekee ataona mafua ya kawaida.

Mtoto mwenye surua hupewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo, kwa kuwa ukosefu wake huweza kuharibu macho na kumwacha kipofu. Hapa Kenya, chanjo ya kuzuia surua hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

MACHO

Macho mekundu yanayotoa usaha na kugandamana asubuhi, bila maumivu makali na bila uwezo wa kuona kupungua, kwa kawaida hutokana na ambukizo jepesi. Yakiwasha sana kila mara na kutoa ute mwembamba, huenda ni mzio.

Lakini jicho likiuma sana, lisipostahimili mwangaza, likipungukiwa na uwezo wa kuona au likiwa na doa jeupe mbele yake, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo. Usaha katika macho ya mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwezi mmoja nao ni dharura, kwa sababu bakteria za kisonono alizopata wakati wa kuzaliwa huweza kumpofusha upesi.

Mboni ya mtoto inayong'aa kwa weupe, aghalabu ikigunduliwa kwenye picha, huweza kuwa dalili ya saratani ya jicho. Saratani hii haina maumivu mwanzoni, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Katika maeneo kame kama vile Turkana, Marsabit, Pokot Magharibi, Narok na Kajiado, ugonjwa wa trakoma umewasumbua wakazi kwa miaka mingi. Maambukizi ya mara kwa mara huacha makovu ndani ya kope, na nywele zake hugeuka na kukwaruza jicho. Kunawa uso, kutumia vyoo na kumeza dawa zinazotolewa kwa jamii huuzuia ugonjwa huu.

NGOZI

Upele unaowasha zaidi usiku, hasa kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, husababishwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Kumtibu mgonjwa peke yake ni kazi bure. Jamaa wote wa nyumba hiyo hutibiwa siku moja, na nguo na matandiko yakafuliwa.

Mashilingi huwa ya mviringo, yenye kingo zilizoinuka na magamba. Kuyapaka marhamu ya steroidi iliyonunuliwa bila ushauri huyafanya yaonekane kama yamepona huku yakizidi kuenea.

Baka lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha na lisilohisi kitu likiguswa kwa pamba, huenda likawa ukoma. Ugonjwa huu hutibika kabisa, na ukigunduliwa mapema haulemazi. Ikumbukwe pia kwamba kwenye ngozi nyeusi uvimbe hauonekani mwekundu kila mara. Mhudumu hana budi kupapasa joto na ugumu, na kutazama mahali palipozidi weusi.

PUA

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, hivyo hayahitaji viuavijasumu. Mtoto mdogo anapotokwa na makamasi yenye uvundo kupitia tundu moja tu, yamkini ameingiza kitu puani, kama vile punje ya haragwe au ushanga. Asichokorwe nyumbani, kwani kitu hicho huweza kusukumwa ndani zaidi.

Anayetokwa na damu puani aketi akiwa ameinama mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 na apumue kwa mdomo. Kuinua kichwa nyuma humfanya ameze damu. Mtu mzima ambaye tundu moja huziba au kutoa damu mara kwa mara, huku akiwa na uvimbe shingoni, anahitaji kuchunguzwa saratani.

KINYWA

Utando mweupe katika kinywa cha mtoto anayenyonya ni jambo la kawaida na hutibika kwa urahisi. Kwa mtu mzima, utando huo ni sababu ya kupimwa virusi vya ukimwi na kisukari.

Vidonda vidogo vya kinywani hupona ndani ya wiki mbili. Kidonda au baka jeupe au jekundu linalozidi muda huo, hata kama haliumi, lichunguzwe, hasa kwa mvutaji sigara, mtafunaji wa tumbaku au mnywaji pombe. Aidha, desturi ya kumkata mtoto kimio kwa sababu ya kikohozi haina faida yoyote. Huleta damu nyingi na maambukizi, huku maradhi yenyewe yakibaki bila tiba.

Anayekwenda zahanati anashauriwa kubeba dawa zote alizotumia, zikiwemo za kienyeji na za matone, na kijitabu cha kliniki iwapo mgonjwa ni mtoto. Matone ya macho yenye steroidi, yakitumiwa kiholela, yenyewe huweza kuleta upofu, na mhudumu asipoyajua atatibu ugonjwa usiokuwapo.