Forodhani: Kutoka Mizigo hadi Mishikaki

Bustani ya Forodhani, inayojaa watu kila magharibi mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, ilianza kama mahali pa jasho. Mabanda ya forodha yalikuwa hapa, na ndani yake karafuu na pembe za ndovu zilitozwa ushuru wa sultani. Bandari ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, kazi hiyo ikahamia huko. Katikati ya miaka ya 1930, enzi ya Sultani Khalifa bin Haroub, uwanja uliobaki ukafanywa Bustani ya Jubilei, na jukwaa la bendi likawekwa.

Wakubwa walijenga, lakini walioitia uhai ni wapishi. Simama karibu na anayetengeneza pizza ya Zanzibar, ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa. Donge la unga analitandaza kwa viganja vyenye mafuta mpaka liwe jepesi kama kanga kuukuu, anatia nyama ya kusaga na vitunguu, anavunja yai juu yake, kisha anakunja pembe nne na kulitupia kwenye chuma cha moto. Pembeni miwa inakamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Na usiondoke bila urojo: mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe bichi, ndani yake bajia, kachori na viazi.

Muziki wa taarab nao ulishuka kutoka ikulu. Sultani Barghash, aliyejenga jumba la Beit el Ajaib mwaka 1883, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ala. Mwaka 1905 watu wa mjini wakaunda kikundi cha taarab cha Akhwani Safaa. Kisha Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, akaiimba taarab kwa Kiswahili na kurekodi Bombay mwaka 1928. Tangu 2004, Ngome Kongwe, hatua chache tu kutoka kwenye majiko, imekuwa ikipokea tamasha la Sauti za Busara.

Bustani ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na wachoma mishikaki wakarudi. Hilo ndilo ninalolithamini zaidi katika kazi ile. Beit el Ajaib iliyo jirani, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, inastahili kuokolewa kwa moyo huohuo, milango yake ikiwa wazi kwa wenye mji.