Mifumo ya teknolojia ya habari na mawasiliano

Mifumo ya teknolojia ya habari na mawasiliano (kwa kifupi mifumo ya TEHAMA) ni mikusanyiko ya vifaa, programu, data, mitandao, watu na taratibu inayofanya kazi kwa pamoja ili kukusanya taarifa, kuzichakata, kuzihifadhi, kuzisafirisha, au kuzitumia kuongoza mitambo. Simu iliyokaa mezani bila laini ni kifaa tu. Ikishatiwa laini iliyosajiliwa, ikashika mnara na kutambuliwa na kompyuta za kampuni ya simu, inakuwa sehemu ya mfumo.

Kwa kazi zake, mifumo hiyo hugawanywa katika aina kuu tatu: mifumo ya taarifa, mifumo ya mawasiliano na mifumo ya udhibiti. Mgawanyo huu haufuati kifaa, kwa kuwa kompyuta ileile inaweza kutumika katika aina zote tatu. Huduma nyingi za kila siku huunganisha zaidi ya aina moja, na mtumiaji haoni mahali zinapoungana.

## Sehemu za mfumo

*Vifaa* ni vitu vinavyoshikika: kompyuta, seva, simu, minara, nyaya, mashine za kutolea fedha, mita na vitambuzi vya joto au mwendo. *Programu* ni maagizo yanayoviambia vifaa la kufanya. *Data* ni malighafi ya mfumo, kama namba ya simu, kiasi cha fedha au saa ya tukio; ikipangwa ikapata maana, huitwa taarifa. *Taratibu* ni kanuni za matumizi, kwa mfano nani anaruhusiwa kufuta rekodi na nakala ya akiba huwekwa lini. *Watu* ni wahandisi, makarani, mawakala na watumiaji.

Mifumo mingi hukwama kwenye sehemu mbili za mwisho hata pale mashine zilipo nzima. Hospitali inaweza kuwa na kompyuta katika kila chumba, lakini muuguzi akiandika kwanza kwenye daftari na kuingiza taarifa za wiki nzima siku ya Ijumaa, ripoti itaonyesha kana kwamba wagonjwa wote waliugua siku moja.

## Aina

### Mifumo ya taarifa

Hii ni mifumo ambayo kazi yake kubwa ni kutunza data na kuzigeuza kuwa taarifa za kufanyia uamuzi. Kiini chake ni hifadhidata, yaani data zilizopangwa kwa namna ya kuweza kutafutwa, kulinganishwa na kujumlishwa. Katika kundi hili kuna mifumo ya *miamala*, inayorekodi tukio mojamoja kama mauzo au malipo. Kuna mifumo ya *usimamizi*, inayojumlisha miamala hiyo kuwa ripoti. Pia kuna mifumo ya *ramani*, inayohusisha taarifa na mahali.

Mfano wa mfumo wa ramani ni Ushahidi, ulioanzishwa nchini Kenya mwezi Januari 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi. Wananchi walituma ripoti za matukio kwa ujumbe mfupi au kwa intaneti, na ripoti zikawekwa kwenye ramani. Programu hiyo baadaye ilitumika katika majanga ya nchi nyingine, likiwemo tetemeko la ardhi la Haiti la mwaka 2010.

### Mifumo ya mawasiliano

Mifumo hii husafirisha sauti, maandishi, picha na data kutoka sehemu moja hadi nyingine. Utangazaji wa redio na televisheni huenda upande mmoja: kituo kinarusha, wengi wanapokea. Simu huenda pande mbili. Intaneti hubeba vyote viwili kwa kukata taarifa katika vifurushi vidogo, ambavyo vinaweza kupita njia tofauti na kuunganishwa tena vinapofika.

Kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki, njia mbili za simu ya kawaida zimekuwa na uzito wa pekee. Ya kwanza ni *ujumbe mfupi*, unaobeba herufi zisizozidi 160 kwa mara moja. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ya pili ni *USSD*, yaani huduma zinazofunguliwa kwa kupiga namba zinazoanza na nyota na kuishia na reli. USSD hufungua mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na seva: orodha inatokea kwenye kioo, mtumiaji anachagua, orodha nyingine inafuata. Haihitaji intaneti wala simu janja, na mazungumzo yakikatika simu haibaki na kumbukumbu yake. Ndiyo sababu huduma za fedha kwa kawaida huleta uthibitisho wa muamala kwa ujumbe mfupi, ambao mteja anaweza kuutunza.

### Mifumo ya udhibiti

Mifumo ya udhibiti hupima hali halisi na kuchukua hatua. Kitambuzi hupima, programu hulinganisha kipimo na kiwango kilichowekwa, na mtambo huamriwa kuwaka, kuzima au kubadili kasi. Taa za barabarani, lifti na pampu za maji za manispaa huendeshwa hivyo. Katika gridi ya umeme ya Tanzania, kituo cha udhibiti kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, hufuatilia mitambo ya kuzalisha umeme na njia za kusafirisha ili uzalishaji ulingane na matumizi.

Baadhi ya mifumo hupima bila kuamuru mtambo wowote. Mabasi ya mikoani nchini Tanzania hufungwa kifaa kinachotuma mwendo na mahali basi lilipo kwa mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA. Kifaa hicho hakimpunguzii dereva mwendo. Kinachompunguzia ni kujua kwamba kuna anayeangalia.

## Mfano wa mifumo iliyoungana: LUKU

Ununuzi wa umeme wa malipo ya kabla, unaojulikana Tanzania kwa jina la LUKU (Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo), unaonyesha jinsi aina hizo tatu zinavyopokezana kazi.

Mteja anapolipa kwa simu, mtandao wa mawasiliano hupeleka namba ya mita na kiasi cha fedha. Mfumo wa miamala hukata salio lake na kuujulisha mfumo wa mauzo wa shirika la umeme, TANESCO. Huu wa mauzo, ambao ni mfumo wa taarifa, humtambua mteja, hukata kodi na tozo, ikiwemo kodi ya majengo inayokusanywa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, kisha hugeuza fedha iliyobaki kuwa uniti. Mwisho hutengeneza tokeni ya tarakimu 20 na kumtumia mteja kwa ujumbe mfupi.

Mita nyingi za aina hii hazina mawasiliano na shirika. Taarifa yote inayohitajika imefichwa ndani ya tarakimu zenyewe kwa ufunguo wa siri wa mita husika. Mita ikiingiziwa tokeni huifumbua, huhakiki kuwa ni yake na haijawahi kutumika, huongeza uniti, kisha huruhusu umeme upite hadi uniti ziishe. Hapo ndipo mfumo wa udhibiti unapofanya kazi yake. Kiungo kati ya seva na mita ni mtu anayesoma tarakimu kwenye simu na kuzibonyeza ukutani. Mfumo umebuniwa kwa kuzingatia hilo, kiasi kwamba tarakimu moja ikikosewa, mita hukataa.

Utaratibu huo unafuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990. Kila tokeni hubeba alama ya wakati inayohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa inatosha dakika 16,777,216 tu. Hesabu hiyo ilifika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo mita za kiwango hicho zilipaswa kuboreshwa duniani kote. Wateja wa Tanzania na Kenya walipokea mafungu matatu ya tarakimu badala ya moja: mawili ya kubadili ufunguo wa mita na la tatu la umeme wenyewe. Mita ambayo haikuingiziwa mafungu hayo isingepokea tena tokeni mpya.

## Historia katika Afrika Mashariki

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, katazo lililokuja kulegezwa baadaye. Kwa miaka mingi kompyuta zilibaki kuwa mali ya ofisi kubwa.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na simu za mkononi. Mwaka 2005 majaribio ya huduma ya kulipa mikopo midogo kwa simu yalifanyika nchini Kenya. Washiriki walianza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na matumizi hayo ndiyo yaliyofanywa msingi wa huduma yenyewe. Huduma hiyo, M-Pesa, ilizinduliwa rasmi Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008.

Hadi mwaka 2009, intaneti ya ukanda huu ilitegemea zaidi setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na zenye ucheleweshaji. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani ya Afrika Mashariki, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mikongo ya nchi kavu, ukiwemo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania, ilipeleka uwezo huo bara na kwa nchi zisizo na bahari.

Katika utangazaji, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na king'amuzi kikawa kifaa cha lazima kwa wenye televisheni za zamani.

## Matumizi ya kila siku

Fedha. Huduma za fedha kwa simu hutumika kutuma na kupokea fedha, kulipa ada, kununua bidhaa dukani, kuweka akiba na kukopa. M-Shwari, iliyoanza Kenya mwaka 2012, iliunganisha akaunti ya simu na benki. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, humwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio lisipotosha. Wakala ni sehemu muhimu ya mfumo, kwa kuwa ndiye anayegeuza noti kuwa salio na salio kuwa noti. Wakala akiishiwa fedha taslimu, huduma husimama hapo hata kama seva zote zinafanya kazi.

Serikali. Katika Tanzania, malipo ya serikali hufanywa kwa namba maalumu ya kumbukumbu inayotolewa kwa kila ankara, na mlipaji huchagua benki au mtandao wa simu. Nchini Kenya huduma nyingi za umma hupatikana kupitia eCitizen, na Rwanda kupitia Irembo. Wafanyabiashara hutoa risiti za mashine za kielektroniki, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, ili mauzo yafike kwa mamlaka ya kodi.

Afya. Nchi nyingi za Afrika hukusanya takwimu za zahanati na hospitali kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na yenye chimbuko Afrika Kusini miaka ya 1990. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Taarifa za chanjo, uzazi na malaria huonekana wilayani na wizarani bila kusubiri makaratasi yasafiri.

Elimu. Matokeo ya mitihani ya taifa hutazamwa kwa intaneti, na maombi ya vyuo na ya mikopo ya wanafunzi hufanyika kwa njia hiyohiyo. Mwanafunzi asiye na kompyuta huenda kwenye duka la huduma za intaneti, ambako mhudumu humjazia fomu. Hapo nywila na taarifa zake binafsi hupita mikononi mwa mtu mwingine.

Familia na jamii. Makundi ya WhatsApp yamekuwa ofisi za kamati za harusi, misiba na vikoba (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana). Katibu huweka orodha ya ahadi, mweka hazina hutaja namba ya kupokelea michango, na kila anayelipa huongezwa kwenye orodha. Kimsingi huo ni mfumo wa taarifa na wa mawasiliano uliojengwa na watumiaji wenyewe juu ya mifumo miwili ya kibiashara.

## Udhaifu na usalama

Mifumo iliyoungana hurithiana udhaifu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Huduma ya USSD ambayo seva zake ziko nchini haihitaji njia hiyo ya baharini. Programu ya simu janja inayotegemea seva za ng'ambo huihitaji.

Wizi mwingi haulengi mashine bali mtu. Ujumbe wa kitapeli unaomtaka mpokeaji atume "ile hela" kwenye namba nyingine hauvunji usalama wa kompyuta yoyote. Humvizia mtu ambaye kweli alikuwa na fedha ya kutuma. Vivyo hivyo kwa anayepiga simu akijifanya mtoa huduma na kuomba namba ya siri. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Tanzania mwaka 2019, ulikusudiwa kuwezesha mwenye namba kujulikana. Usajili huo nao umeongeza wingi wa taarifa nyeti zinazotunzwa na kampuni na serikali.

Sheria za kulinda taarifa binafsi zilitungwa Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kwa jumla zinamtaka anayekusanya taarifa aeleze sababu, akusanye zinazohitajika tu na azilinde, na zinampa mwenye taarifa haki ya kuomba zirekebishwe. Sheria hizo zinamhusu mwenye seva kubwa, na zinaweza kumhusu pia mhudumu wa duka la intaneti anayebaki na nakala za vyeti vya wateja wake.