Kisigino Kisichokuwepo: Maumivu ya Wanajeshi wa Philadelphia

Mjomba wangu alikatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki. Alipolalamika kuwa kisigino cha mguu huo kinamwasha, nyumbani tulitazamana tu. Nilidhani anatafuta huruma. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba shaka hiyo ina historia, na kwamba hata madaktari tunaowasifu leo walikuwa nayo.

Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Silas Weir Mitchell, George Morehouse na William Keen wa hospitali ya kijeshi ya Turner's Lane, Philadelphia, walichapisha kitabu kuhusu majeraha ya risasi kwenye neva. Walieleza wanajeshi ambao kidonda kilikuwa kimepona, lakini mkono ukaendelea kuunguza kama umetiwa motoni. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, laini, inayong'aa. Wengine walitembea na chupa ya maji wakiulowesha mkono mchana kutwa. Wengine walimimina maji ndani ya viatu. Hata kishindo cha mtu anayepita chumbani kiliwatesa.

Mwaka huohuo, madaktari haohao walichapisha makala juu ya wanajeshi wanaojifanya wagonjwa. Njia yao mojawapo ilikuwa kumlewesha mtu kwa etha, kisha kutazama kama kiungo anachodai kimepooza kitasogea. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Mitchell aliwaamini tu wagonjwa wake. Aliwashuku kwanza, na ile ngozi inayong'aa ilimsaidia kuamini.

Waliokatwa viungo hawakuwa na ngozi ya kuonyesha. Daktari Mfaransa Ambroise Paré alikuwa ameyataja maumivu yao tangu karne ya 16, lakini bado yalisikika kama njozi. Labda ndiyo maana Mitchell aliyapeleka kwanza kwenye hadithi. Mwaka 1866 jarida la Atlantic Monthly lilichapa, bila jina la mwandishi, masimulizi ya askari aliyepoteza mikono na miguu yote. Baadhi ya wasomaji waliamini ni mtu halisi, wakamtumia michango! Mwaka 1871 ndipo Mitchell alipoyapa maumivu hayo jina tunaloweza kulitafsiri kama kiungo-mzuka.

Likizo iliyopita nilimsimulia mjomba habari hizi. Hakuuliza habari za Mitchell. Aliuliza kama yule mwenye chupa ya maji alipona. Nikamwambia kitabu kinataja sindano za mofini, zilizomtuliza mtu kwa muda.