Mtumwa Aliyewachekesha Warumi

Yapata miaka mia mbili kabla ya Kristo, Plautus aliwachekesha Warumi kwa tamthilia ambazo mwenye akili ndani yake mara nyingi ni mtumwa. Bwana ni mzee bahili, mwanawe amepagawa na mapenzi, na mtumwa ndiye anayepanga hila zote. Lakini utani wenyewe umejaa viboko, minyororo na msalaba. Katika Miles Gloriosus, mtumwa Sceledrus anatania kwamba kaburi lake litakuwa msalabani, kama lilivyokuwa la baba na babu zake.

Mkristo hawezi kupita hapo haraka. Msalaba tunaouinua kanisani ulikuwa adhabu ya watumwa, na vizazi vingi kabla ya Golgota watu walikuwa wameshauchekea kwenye sikukuu za miungu yao. Paulo alipowaandikia Wafilipi, watu wa mji uliokuwa koloni la Kirumi, kwamba Kristo alijishusha akawa kama mtumwa hata kufa msalabani, hawakuhitaji kufafanuliwa Bwana alikuwa amechukua nafasi ya nani.

Vichekesho hivyo havikufa. Mwaka 1962 huko New York, Burt Shevelove na Larry Gelbart waliunganisha vipande vya Plautus, Stephen Sondheim akatunga nyimbo, ikapatikana A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Filamu yake ilitoka mwaka 1966. Mtumwa wake anaitwa Pseudolus, jina la Plautus mwenyewe. Ila Pseudolus wa kale anamshinda bwana wake dau la fedha, analewa, na anabaki mtumwa. Huyu wa 1962 anataka uhuru wake, anauimbia, na mwishoni anaupata.

Mtu anaweza kusema huko ni kumharibu Plautus. Mimi sioni hivyo. Marekani ya 1962, mwaka mmoja kabla ya maandamano makubwa ya Washington, isingeweza kucheka kwa raha huku mtumwa akirudishwa jikoni. Na mwaka 1997, pale Broadway, Pseudolus alichezwa na Whoopi Goldberg, mwanamke Mmarekani mweusi.

Hata hivyo, tazama mwisho wa mchezo huo. Jirani yupo Lycus, mfanyabiashara wa wasichana. Pseudolus anapewa uhuru, na pamoja nao anapewa Gymnasia, mmoja wa wasichana hao. Mapacha wawili wanapewa askari. Gymnasia haulizwi.