Moshi, Mafuta na Uvumba: Maana ya Shina q-t-r katika Kiebrania cha Kale

Msomaji wa vitabu vya Wafalme katika Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 hukutana mara kwa mara na shutuma dhidi ya watu waliofukiza uvumba katika mahali pa juu. Lakini katika maneno ya Kiebrania yanayofasiriwa hapo, uvumba hautajwi. Lipo tendo peke yake, qitter, na uvumba ni nyongeza ya wafasiri, ambao kwa jambo hili walifuata desturi ya wenzao wa Ulaya. Nyongeza hiyo yaonekana ndogo, nayo imebadili picha ya ibada nzima.

Shina q-t-r halina asili katika manukato, bali katika moshi. Jina qitor ndilo linaloeleza moshi uliopanda kutoka nchi ya Sodoma, kama wa tanuri (Mwanzo 19:28), na ule unaokikausha kiriba katika Zaburi 119:83. Kiakadi nacho kina qutru, yaani moshi. Basi hiqtir, iliyo kauli ya kutendesha, ni kukifanya kitu kiwe moshi. Kiswahili kimejaliwa jozi inayolingana nayo: kufuka na kufukiza. Kinachofukizwa ni jambo la pili. Chaweza kuwa udi, chaweza kuwa kitu kingine.

Ushahidi wa maandiko ni wazi. Wana wa Eli wanalaumiwa kwa kudai nyama kabla mafuta ya mnyama hayajafukizwa (1 Samweli 2:15-16). Amosi, katika karne ya 8 K.K., anawakejeli watu wanaofukiza mkate uliotiwa chachu (4:5). Zaburi 66:15 yaitaja qetoret ya kondoo waume, ambayo haiwezi kuwa ubani. Mfano ulio bora zaidi umo katika Mambo ya Walawi, sura ya 4: mafuta ya ng'ombe hufukizwa madhabahuni, kwa hiqtir, ilhali ngozi na mabaki yake huchomwa nje ya kambi kwa tendo jingine kabisa, saraf. La kwanza hupeleka juu. La pili huangamiza. Tafsiri ya Muungano hupenda kutumia kuteketeza penye hiqtir ya wanyama, na kwa hiyo maana ya uharibifu huingia mahali ambapo Kiebrania kiliikwepa.

Hoja ya kwamba tendo hili halikuhusu uvumba hapo kale ilipewa nguvu na Julius Wellhausen mwaka 1878. Yeye alikwenda mbali zaidi, akashikilia kwamba uvumba wenyewe uliingia katika ibada ya Israeli karibu na zama za Yeremia, ambaye anataja lebona kutoka Sheba (6:20). (Neno hilo ni ndugu wa lubani ya Kiarabu, ambayo kwetu pwani ni ubani.) Hapo Wellhausen aliteleza. Katika hekalu la Arad, lililofukuliwa na Yohanan Aharoni katika miaka ya 1960, kulikuwa na madhabahu mbili za mawe ya chokaa za karne ya 8 K.K. Uchunguzi wa masalio yake, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha ubani uliochanganywa na mafuta ya wanyama juu ya ile kubwa, na bangi pamoja na kinyesi cha wanyama juu ya ile ndogo. Ubani, basi, ulikuwapo mapema. Hata hivyo masalio ya Arad yanasahihisha historia ya ubani tu. Maana ya tendo inabaki ile ile, na mafuta yaliyokutwa pamoja nao yaonya dhidi ya kuvitenga mno vitu hivyo viwili.

Kuna jambo jingine. Sheria za makuhani hutumia hiqtir, ilhali qitter, isipokuwa mara chache, hutajwa penye ibada inayolaaniwa. Huenda waandishi waliligeuza neno la kawaida kuwa la shutuma. Uzito wake huonekana katika Yeremia 44, ambapo wanawake wa Yuda waliokimbilia Misri wanamjibu nabii waziwazi kwamba tangu walipoacha kumfukizia Malkia wa Mbinguni wamepungukiwa na kila kitu. Wanavyovitaja ni mikate na divai. Tafsiri iliyowatia uvumba mikononi imewanyima mikate yao, ambayo kwa mujibu wa sura ya 7 waliikanda wenyewe, watoto wakiokota kuni na akina baba wakiwasha moto.