Vifaa vya wekibodi

Wekibodi ni mchezo wa majini ambamo mchezaji husimama kiubavu juu ya ubao mmoja, miguu yote miwili ikiwa imefungwa, huku akivutwa kwa kamba na boti ya injini au na kebo inayoendeshwa na mota. Ubao wenyewe pia huitwa wekibodi. Vifaa vya mchezo huu ni ubao, vifungio vya miguu, kamba na mpini wake, jaketi okozi, helmeti na mavazi ya majini. Makala hii inaeleza kazi ya kila kifaa, namna anayeanza anavyoweza kukichagua, na mahali kinapopatikana.

Historia

Mchezo huu umetokana na michezo miwili iliyoutangulia: kuteleza kwa eskii majini na kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Eskii ya majini ilianza mwaka 1922, wakati kijana Mmarekani Ralph Samuelson alipofaulu kuvutwa na boti katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota. Katika miaka ya 1960 mhandisi Mjerumani Bruno Rixen alibuni mtambo wa kebo unaoweza kuvuta wachezaji bila boti.

Mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego, California, alitengeneza ubao ulioitwa Skurfer, uliofanana na ubao mdogo wa mawimbi lakini ukavutwa na boti. Baadaye uliongezwa mikanda ya kushika miguu. Ubao wa aina hiyo ulielea sana, na hivyo ilimchosha mchezaji kuuzamisha chini yake kabla ya kuvutwa. Karibu na mwaka 1990 Herb O'Brien alitoa ubao wa Hyperlite, mwembamba zaidi na usioelea kupita kiasi, uliotengenezwa kwa kukandamizwa ndani ya kalibu. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kuanzia ndani ya maji yenye kina bila nguvu nyingi. Katika miaka iliyofuata zilienea mbao zenye ncha mbili zinazofanana, ambazo mchezaji anaweza kuziendesha kwa upande wowote. Mwaka 1996 wekibodi iliingizwa katika mashindano ya X Games nchini Marekani.

Ubao

Ubao wa kisasa una kiini cha povu gumu au mbao, kilichofunikwa kwa tabaka za faibaglasi. Mambo manne huangaliwa wakati wa kuchagua: urefu, mpindo, mapezi na matumizi yaliyokusudiwa.

Urefu huchaguliwa kwa kufuata uzito wa mchezaji, si kimo chake. Vipimo vya kawaida ni kama ifuatavyo:

- Uzito chini ya kilogramu 45: ubao usiofika sentimita 130
- Kilogramu 45 hadi 70: sentimita 130 hadi 134
- Kilogramu 65 hadi 80: sentimita 135 hadi 139
- Kilogramu 80 hadi 95: sentimita 140 hadi 144
- Zaidi ya kilogramu 95: sentimita 145 na kuendelea

Mipaka hii hupishana, na kila mtengenezaji huchapisha jedwali lake. Anayeanza akijikuta katikati ya vipimo viwili, afadhali achukue ule mrefu. Ubao mkubwa huinuka majini mapema, hutulia zaidi na hutua kwa upole, ingawa ni mzito kidogo kugeuza. Familia inayonunua ubao mmoja wa kutumiwa na wote huchagua kwa kufuata mtu mzito kuliko wengine.

Mpindo ni jinsi ubao ulivyojikunja kutoka ncha moja hadi nyingine. Ukilazwa sakafuni, sehemu ya katikati hugusa chini na ncha mbili huinuka. Katika mpindo mfululizo mkunjo ni mmoja usiokatika; ubao huo huenda kwa ulaini na mwendo wake hutabirika. Katika mpindo wa hatua tatu sehemu ya katikati karibu ni bapa, halafu ubao hujikunja ghafla mahali pawili. Ubao wa namna hii humrusha mchezaji juu zaidi anapopita kwenye wimbi, lakini hutua kwa kishindo. Mpindo mfululizo ndio unaomfaa anayeanza.

Mapezi ni vipande vidogo vilivyo chini ya ncha za ubao. Huuzuia kuteleza kiubavu na humsaidia mchezaji kushika mstari ulionyooka. Anayejifunza nyuma ya boti huyahitaji.

Matumizi nayo yana uzito wake. Ubao wa boti kwa kawaida ni mgumu na una mapezi. Ubao wa kebo hupindika zaidi, na tumbo lake huimarishwa ili listahimili kusuguliwa kwenye vizuizi vya plastiki ambavyo wachezaji huviteleza juu yake. Mara nyingi hutumiwa bila mapezi. Ubao wa boti ukipelekwa kwenye vizuizi huchubuka haraka, na maji yakishaingia kwenye kiini hauna tena maisha marefu.

Ubao wa kaitisafu, yaani mchezo wa kuvutwa na kishada kikubwa unaoonekana sana katika pwani ya Afrika Mashariki, ni kitu kingine ingawa umbo linafanana. Ule ni mwembamba na mwepesi zaidi, na kwa kawaida una mikanda tu ya kupitishia miguu, kwa kuwa kishada humwinua mchezaji kutoka juu. Anayeununua akidhani ni wekibodi atapata taabu kubwa kuinuka nyuma ya boti.

Vifungio vya miguu

Vifungio ni mfano wa buti zilizofungwa kwa skrubu juu ya ubao. Viko vya aina mbili. Vifungio vilivyo wazi mbele huacha vidole vya miguu nje, kwa hiyo jozi moja huwatosha watu wenye saizi kadhaa za viatu. Vilivyofungwa mbele huukamata mguu kama kiatu kamili, humpa mchezaji uwezo zaidi wa kuuongoza ubao, lakini humfaa mwenye saizi hiyo tu. Anayeanza, na hasa anayeshirikiana vifaa na wenzake, huchagua vya wazi.

Kifungio kizuri hakiachi kisigino kuinuka mchezaji anapokunja goti, wala hakimbani hadi mguu ukafa ganzi. Vifungio vyote viwili vikazwe kwa kiasi kimoja. Mchezaji anapoanguka vibaya, mguu mmoja ukichomoka na mwingine ukabaki, ubao hugeuka mtego unaoweza kusokota kifundo cha mguu au goti. Ili mguu uingie kwa urahisi hutumiwa maji yenye sabuni laini. Mafuta ya petroli na grisi huharibu mpira wa kifungio.

Nafasi kati ya vifungio ilingane takriban na upana wa mabega. Kifungio cha mbele huelekezwa mbele kwa digrii 15 hadi 20, na cha nyuma huwekwa kati ya digrii 0 na 9. Ili kujua mguu gani utangulie, mtu husimama kwa utulivu na mwenzake humsukuma kidogo kutoka nyuma bila kumwonya: mguu unaotangulia kumzuia asianguke huwa ndio wa mbele. Jaribio hili ni mwanzo tu. Uamuzi wa mwisho hufanywa majini, kwa kujaribu pande zote mbili.

Kamba na mpini

Kamba ya wekibodi hutengenezwa kwa nyuzi zisizonyumbuka au zinazonyumbuka kidogo sana, kama vile polithini au nyuzi imara za Dyneema na Spectra. Kamba inayonyumbuka humtikisa mchezaji, na ikikatika au mpini ukiponyoka, inaweza kurudi kwa kasi kuwapiga waliomo botini.

Anayeanza hutumia kamba fupi, ya mita 14 hadi 17, mahali ambapo mawimbi mawili yanayoachwa na boti yamekaribiana. Wachezaji wazoefu hutumia mita 20 na zaidi. Kamba nyingi huwa na vipande vinavyoweza kuondolewa, hivyo kamba moja humtumikia mtu anapoendelea kujifunza. Kasi nayo hufuata urefu wa kamba: kwa mtu mzima anayeanza, kilometa 24 hadi 29 kwa saa hutosha, na kwa mtoto hupunguzwa.

Mpini wa kawaida una upana wa sentimita 33 hadi 38 na huelea. Kamba iliyoanza kutoa manyoya au yenye fundo itupwe, maana fundo hupunguza nguvu yake. Ifungwe tu kwenye ndoano au mnara uliotengenezwa kwa kuvutia, kamwe si kwenye ngazi wala kwenye vyuma vya pembeni mwa boti. Mchezaji asiizungushe mkononi.

Jaketi okozi na helmeti

Hiki ndicho kifaa cha kununuliwa kwanza, na ndicho ambacho wanunuzi wengi hukosea. Madukani huwekwa pamoja mavazi mawili yanayofanana. La kwanza ni jaketi okozi lililoidhinishwa, linalomwezesha mtu kuelea. La pili ni fulana ya kupunguza kishindo, ambayo hukinga mbavu wakati wa kuanguka lakini mara nyingi haikupimwa kwa ajili ya kumwelesha mtu. Fulana hiyo ni nyembamba na inapendeza, ndiyo maana huwavutia vijana. Mchezaji aliyepoteza fahamu baada ya kuanguka hatainuliwa na fulana ya aina hiyo.

Tofauti husomwa kwenye lebo ya ndani. Katika nchi za Ulaya hutafutwa alama ya CE pamoja na kiwango cha ISO 12402-5, chenye nguvu ya kuelesha ya nyutoni 50 kwa mtu mzima. Nchini Marekani hutafutwa idhini ya Walinzi wa Pwani. Hata jaketi la nyutoni 50 halikukusudiwa kumgeuza aliyezimia ili uso wake utazame juu. Kwa sababu hiyo daima awepo mtu wa kumfikia upesi. Majaketi yanayojazwa hewa hayafai kwa mchezo huu, kwa kuwa hayakutengenezwa kustahimili maanguko ya kasi.

Jaketi hupimwa kwa kulivaa, kulifunga kila kifungo, kisha mtu mwingine kulivuta juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno. Mtoto asinunuliwe jaketi "la kukulia".

Helmeti ni ya lazima katika bustani nyingi za kebo zenye vizuizi. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za majini ni EN 1385. Helmeti ya pikipiki haifai: ni nzito na hujaa maji.

Mavazi

Katika maji ya joto fulana ya laikra yenye mikono mirefu hutosha kuzuia jua na michubuko. Katika maji baridi huvaliwa suti ya neopreni, ambayo unene wake hupimwa kwa milimita; suti iliyoandikwa 3/2 ina milimita 3 kifuani na 2 kwenye mikono na miguu. Suti si kinga kamili ya magonjwa. Kandokando ya maziwa kama Viktoria, ambako kuna kichocho, mwogeleaji anapaswa kuchunguzwa hospitalini hata kama alivaa suti.

Usalama wa boti

Botini wawepo watu wawili wazima angalau: dereva, na mwangalizi anayemtazama mchezaji muda wote. Injini huzimwa kabla mchezaji hajapanda, ili rafadha isimjeruhi. Hakuna anayekaa kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwaka, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Mahali pa kununua

Njia ya busara ni kukodi kabla ya kununua. Bustani za kebo hukodisha ubao, jaketi na helmeti kwa saa, na nyingi zina duka. Mifano inayojulikana ni Orlando Watersports Complex huko Florida, CWC katika mkoa wa Camarines Sur nchini Ufilipino, na Al Forsan mjini Abu Dhabi, ambayo iko karibu na Waafrika Mashariki wengi wanaoishi Ghuba. Baada ya siku chache za kukodi, mtu hujua mguu wake wa mbele, saizi yake, na kama ataendelea kwenye boti au kwenye kebo.

Kampuni zinazojulikana ni pamoja na Hyperlite, Liquid Force, Ronix, O'Brien, Slingshot na Jobe. Nyingi huuza seti ya ubao na vifungio pamoja, ambayo huwa nafuu kuliko kununua kimoja kimoja. Maduka ya mtandaoni hupunguza bei za mifano ya mwaka uliopita. Kwa anayeanza tofauti na mipya ni ndogo. Anayeagiza kutoka nje akumbuke kuwa ubao ni kifurushi kirefu, na kwamba juu ya nauli kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 nchini Kenya na 18 nchini Tanzania na Uganda. Vituo vya pwani kama Diani na Paje vinajulikana zaidi kwa kaitisafu, kwa hiyo mnunuzi aulize waziwazi ubao ni wa mchezo gani.

Ubao wa mtumba unaweza kununuliwa baada ya kukaguliwa. Mnunuzi huangalia nyufa kwenye kingo na kuzunguka matundu ya skrubu, hubonyeza uso wa ubao kutafuta sehemu laini, na hujaribu kila skrubu kwa bisibisi. Ubao mzito kuliko kawaida huenda umeingiwa na maji. Jaketi, helmeti na kamba visinunuliwe vya mtumba, kwa kuwa uchakavu wake hauonekani kwa macho.

Utunzaji

Baada ya matumizi baharini vifaa vyote huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa skrubu, ambazo hushika kutu. Huanikwa kivulini, kwani jua kali hudhoofisha kamba, mpira na gundi. Skrubu hukazwa kabla ya kila safari ya majini.