Waliokwenda pwani walirudi

Kauli ya "nimeichoka nchi hii" siku hizi inasikika kila mahali. Utaisikia ndani ya daladala ya kwenda Igoma, utaisikia Mwaloni pale Kirumba wakati samaki wanashushwa, na utaisikia kwenye vijiwe vya Mabatini jua linapozama. Anayeitoa si lazima awe na njaa. Mara nyingi ni kijana mwenye afya njema, aliyesoma kiasi chake, ambaye kila kukicha anaona mawe yale yale, mtaa ule ule na nyuso zile zile, mwishowe akajiambia kwamba maisha yenyewe yako kwingine. Iwe Ulaya, Marekani, Dubai au Afrika Kusini, kwake ni sawa, ilimradi si hapa.

Wazee wanaposikia maneno hayo jibu lao ni moja: mkataa kwao ni mtumwa. Basi, mjadala umefungwa. Kijana anaondoka kijiweni amenuna, mzee anabaki ameshika fimbo yake, na kila mmoja anaamini mwenzake hana akili.

Ndugu msomaji, katika mazungumzo ya wiki hii napenda tuifungue upya kesi hiyo kwa kuitazama historia ya Kanda hii ya Ziwa. Maana wanaodhani kwamba tamaa ya kwenda kuishi ugenini imeletwa na televisheni na simu za mkononi wanakosea. Hapa Usukumani na kwa jirani zetu Unyamwezini, tamaa hiyo ina umri mkubwa kuliko mji wa Mwanza wenyewe, ambao Wajerumani waliufanya kituo chao cha utawala mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Katika karne ya 19, kijana wa Kinyamwezi au wa Kisukuma aliyekuwa na ndoto ya kuiona dunia alikuwa na neno lake: kwenda pwani. Baada ya mavuno, kiangazi kikiingia, vijana walijikusanya, wakajitwika pembe za ndovu na kushika njia ya Tabora hadi Bagamoyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Safari ya kutoka Tabora tu hadi baharini ilichukua kama miezi mitatu. Wageni walioandika habari za nchi hii wakati ule walieleza kwamba kijana ambaye hajawahi kwenda pwani alionekana bado mtoto, na kumwoa binti wa watu ilikuwa kazi ngumu kwake.

Si kwamba safari ile ilikuwa lelemama. Ndui iliwaua njiani, njaa iliwaua, na vita vya njiani viliwaua. Hata hivyo mwaka uliofuata wengine walijitokeza, na kwa hiari yao. Walitaka nguo, shanga na waya wa shaba, hilo ni kweli. Lakini walitaka pia kuiona bahari, na kurudi kijijini wakiwa watu ambao wengine huwanyamazia wanapoanza kuhadithia.

Tena haikuwa sisi peke yetu. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa letu kutoka kwenye kilima karibu na hapa Mwanza, na baadaye akalipa jina la malkia wake. Alikuwa na umri wa miaka 31. Wakati vijana wa huku wakielekea mashariki kuona ya pwani, kijana wa Kiingereza alikuwa ameacha kwao akija kuona ya huku. Hakuna aliyemwita Speke mkataa kwao. Kwao walimwita mgunduzi.

Wapo pia waliokwenda wasirudi. Katikati ya karne hiyo hiyo, mtu mmoja wa jamii ya Wasumbwa, kutoka kusini magharibi mwa ziwa letu, alikwenda na wenzake hadi Katanga, nchi ambayo leo iko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kufuata shaba na pembe. Jina lake lilikuwa Mwenda Msiri. Hakurudi. Badala yake alijenga ufalme mkubwa, mji mkuu wake ukiwa Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, baada ya kukataa kujiweka chini ya bendera yao. Kwa hiyo hata hilo la mtu wa Kanda ya Ziwa kufanikiwa ugenini na kulowea huko, si habari mpya.

Lakini Msiri ndiye aliyekuwa wa peke yake. Maelfu ya wapagazi walirudi, na hapa ndipo penye somo. Walirudi kwa sababu safari yenyewe ilipangwa kwa namna ya kurudi. Ilikuwa ya msimu, kwani mvua za kwanza zilipokaribia, shamba lilimwita mtu. Walikwenda kwa kundi, wakiwa na kiongozi aliyeijua njia, na waliokwisha kwenda waliwaongoza wanaokwenda mara ya kwanza. Zaidi ya yote, nyumbani palikuwa na kitu kinachowangoja. Nguo za pwani ziligeuzwa ng'ombe, ng'ombe wakawa mahari, mahari ikawa mji wenye mke, watoto na jina. Mali ya ugenini haikuwa na maana mpaka ifike nyumbani.

Reli ndiyo iliyokata miguu ya wapagazi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928. Lakini kabla ya hapo mkoloni alikuwa amekwisha kuleta safari ya aina nyingine. Alidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha zilipatikana kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Vijana wakawa manamba, jina lililotokana na namba walizopewa. Kila mmoja akawa na kipande chake, ambacho kilimtaka atimize siku 30 za kazi ndipo alipwe. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, ambacho wananchi walikiita Silabu. Wengi waliochukuliwa hawakurudi tena, na wajukuu wao hadi leo wako huko.

Sasa angalia jambo moja ambalo wahubiri wa uzalendo hulisahau. Wasukuma walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kwenda kufanya kazi kwenye mkonge. Lakini kadiri kilimo cha pamba kilivyopanuka huku kwetu, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, ndivyo walivyopungua kwenda huko. Wenye mashamba ikawabidi watafute vibarua mikoa mingine. Hakuna aliyewakusanya Wasukuma uwanjani akawahubiria kuipenda nchi yao. Pamba ndiyo iliyowahubiria. Mtu alipoona shamba la nyumbani linalipa kodi, linanunua baiskeli na linaongeza ng'ombe, Tanga ilipoteza utamu wenyewe.

Waliobaki nao hawakukaa kimya. Wanunuzi walipokuwa wakiwapunja wakulima kwenye mizani, wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika. Mmoja wa viongozi wao, Paul Bomani, alikwenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Alirudi, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya kanda hii viliungana chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Katika miaka hiyo hiyo kijana mwingine wa kando ya ziwa, Julius Nyerere wa Butiama, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952. Miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa.

Tunapenda kusema watu hawa walirudi kwa sababu waliipenda nchi. Waliipenda, sina ubishi. Lakini pia walirudi kwa sababu walikuwa na kazi ya kurudia, na watu waliokuwa wakiwangoja waifanye. Upendo bila kazi huchoka mapema.

Miaka ya uhuru nayo ilikuwa na majaribu yake. Mwalimu Nyerere aliwahi kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila akatokomea, alisema, huyo ni msaliti. Ni mfano wenye uzito hadi leo. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia za kutoka nazo zilikuwa nyembamba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na Kisumu, ambayo mtu wa Mwanza aliizoea kama bandari ya jirani, ikawa mbali kama ng'ambo. Sabuni na sukari vikawa vya foleni, na fedha za kigeni zikawa za kuombewa kibali. Kijana wa wakati ule hakuwa na raha kuliko wa leo, ila tu hakuwa na pa kupitia. Wenye moyo mgumu walishuka bandarini Dar es Salaam wakazamia meli bila kujua itatia nanga wapi.

Halafu milango ikafunguliwa kwa pamoja. Mwaka 1994 Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni. Kabla ya hapo tuliisikia dunia redioni, na redio humwachia msikilizaji ajichoree picha yake. Televisheni ilileta picha iliyokwisha kuchorwa, yenye barabara pana, jikoni linalong'aa na vijana wa umri wetu wakicheka. Haikuonyesha kodi ya nyumba wala zamu ya usiku. Katika miaka hiyo hiyo, bahati nasibu ya Marekani ya kutoa ukaazi ilianza, na vijana wa hapa wakajifunza kusubiri jina lao lichaguliwe.

Na hapa Mwanza tulikuwa na maonyesho mengine ya bure. Katika miaka ya 1990 viwanda vya samaki vilishamiri, na ndege kubwa za mizigo zikawa zinatua uwanja wa Mwanza kuchukua minofu ya sangara kupeleka Ulaya. Sangara mwenyewe ni mgeni, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 kutoka upande wa Uganda. Kijana wa Ilemela alitazama juu akaona samaki aliyevuliwa jana anakwenda Ulaya bila kuulizwa viza, naye mvuvi anabaki na mifupa. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa ziwa hili mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, ni sisi tuliolala njaa. Tumlaumu vipi kijana huyo akihitimisha kwamba maisha yako kule ndege inakokwenda?

Hivyo basi, ndugu msomaji, kuchoka nyumbani si dhambi na wala si ugonjwa mpya. Tatizo la leo ni kwamba safari imepoteza vile vitu vilivyowalinda babu zetu. Kijana anakwenda peke yake, kiongozi wake ni dalali aliyekutana naye juzi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza habari za wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, wengine wakanyang'anywa pasi zao na kufanyishwa kazi saa nyingi mno bila mapumziko. Mpagazi wa karne ya 19 aliweza kutua mzigo akatoroka. Dada huyu hakuweza hata kutoka getini.

Aidha, njia ya kurudi nayo imeota miiba. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka kwamba asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Matokeo yake, mwana wa Misungwi aliyechukua uraia wa ugenini ili apate kazi nzuri akajikuta mgeni kwenye kiwanja cha baba yake. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuja na wazo la kuwapa watu hao hadhi maalumu. Ni hatua njema, maana mtu asiye na pa kurudia fedha zake hazirudi, na ujuzi wake haurudi.

Kwa hiyo tusiwapige vijana kwa methali. Wanaotaka kwenda waende, lakini waende kama walivyokwenda wapagazi: wakijua wanafuata nini, wakiongozwa na waliokwisha kuipita njia hiyo, na wakiwa na tarehe ya kurudi vichwani mwao. Wazazi nao wasigeuze kuondoka kuwa laana. Na wale tuliowapa dhamana ya kuongoza wakumbuke somo la pamba, kwamba kinachomshika mtu nyumbani ni jasho lake kulipwa haki yake. Bei ya samaki pale Mwaloni na mizani ya pamba kule Kwimba vina nguvu kuliko hotuba.

Siku kijana wako atakapokuambia ameichoka nchi hii, muulize anakwenda kufanya nini, na nani, na atarudi lini. Naye akikuuliza atarudia nini, uwe na jibu.